Mvamizi Aliyeletewa Kuku

Ninyi mliobaki langoni mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na mkaniomba pia nisirefushe. Ombi la kwanza nimelikubali. Habari za vyeo nitaziruka, maana sijaona mtu aliyelindwa na cheo, na wimbo mlioniimbia siku ya kuniaga nitauruka vilevile, kwa sababu mliuimba vibaya. Nitaandika yale ninayoyakumbuka bila kujilazimisha.

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Ngao. Niliajiriwa kuwa mlinzi wa kituo cha kusukuma maji hapo kando ya mto, nje ya mji wa Garsen, mlipo ninyi sasa. Siku ya kwanza nilipewa rungu, filimbi na koti lililoshonewa mtu mrefu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Dido, Muorma mkimya, mkuu wa lango wakati huo. Alinitazama nilivyozama ndani ya lile koti, akasema si neno, angalau mwizi hatajua mikono yangu iko wapi. Akanifundisha nisiegemee lango hata siku moja, kwa sababu yeye aliwahi kuliegemea, likafunguliwa kwa ndani, akaangukia kwenye hori la kunyweshea ng'ombe mbele ya mkaguzi. Akanifundisha pia kuosha filimbi kila asubuhi. Fundisho la tatu aliniahidi, lakini alistaafu kabla hajalikumbuka.

Kesi zetu ngumu siku zile zilikuwa za mbuzi na viboko. Kuna kiboko mmoja aliyezoea kupita kwenye ua wa seng'enge kana kwamba haupo, anakula nyasi za meneja, kisha anarudi mtoni. Mara ya kwanza nilimpulizia filimbi. Aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyekatizwa chakula, na Mzee Dido akaniambia kwa sauti ya chini nimwache amalize. Katika taarifa tuliandika kwamba mvamizi aliondoka kwa hiari yake.

Miaka ikaenda, Mzee Dido akaenda kwao, lango likawa langu. Halafu yakaja yale mafuriko. Siku hiyo tulilinda lango vizuri sana. Tulijipanga, vitambulisho tukavikagua, hakuna mtu aliyepita bila ruhusa, na mto ukaingia kwa nyuma ukazifunika pampu zote. Garsen nzima ilizungukwa na maji na haikuwa na maji ya kunywa. Watu walikuja langoni na madumu matupu, na mimi nimesimama hapo na filimbi yangu safi. Iliniuma. Nilijiambia kwamba haiwezekani kulinda kukawa ni kusimama tu. Lazima kuna watu wanaolisoma jambo hili.

Kumbe wapo. Nilipata chuo kinachofundisha shahada ya uzamili ya ulinzi wa miundombinu na ustahimilivu, kwa njia ya mtandao, kwa watu walio kazini. Shahada ya kwanza nilikuwa nayo, niliipata polepole huku nikilea. Niliposema ninarudi darasani wakati wajukuu wangu nao wanakwenda shule, meneja alicheka mpaka akaomba maji. Sokoni wakaanza kuniita Mama Masta. Muuza samaki mmoja aliniuliza kama kuna masta ya kufungua lango na nyingine ya kulifunga.

Mtandao wa simu pale kituoni ulishika vizuri mahali pamoja tu, kwenye ngazi ya mnara wa tangi. Basi jioni nikitoka zamu napanda nusu ya ngazi, najifunga kwa leso kwenye chuma, nasoma. Wenzangu darasani walilinda viwanja vya ndege na mabenki. Walizungumzia vioo visivyopasuka na milango inayotambua jicho la mtu. Siku tuliyoambiwa kila mmoja ataje mahasimu wa kituo chake, wao walitaja magaidi na wadukuzi, mimi nikamtaja kiboko. Mhadhiri wetu, Dakta Wekesa, mtu makini asiyecheka ovyo, aliniuliza nia ya huyo kiboko ni nini. Nikamjibu ni nyasi. Akasema niiandike.

Nilifaulu mitihani. Kikabaki kitu kimoja, tasnifu, na ndani ya tasnifu jaribio la uvamizi. Sharti lilikuwa hivi: nimtafute mtu ambaye walinzi wangu hawamjui, ajaribu kuingia kituoni kwa maneno tu, bila nguvu, nami niangalie kwenye kamera atafika wapi. Walinzi wasiambiwe. Mimi nisiingilie kati mpaka mtu huyo atoke au filimbi ya dharura ipigwe. Jaribio halirudiwi, kwa sababu walinzi waliokwisha kushtuka hawapimiki tena. Chuo kilikuwa kimekwisha kuniongezea muda mara mbili na kikasema basi. Kustaafu nako kulikuwa mlangoni, na nikistaafu sina kituo cha kupima. Jaribio likiharibika, ile miaka yote ya kujifunga kwenye ngazi ingekuwa ni mazoezi ya viungo.

Mwanafunzi mwenzangu wa Lamu akanipatia kijana wa Kipini anayeitwa Athman, fundi wa injini za boti, mpole, mwenye pengo la meno ya mbele na maneno mazuri. Nilimfunza kwa simu. Nilimwambia ajifanye fundi wa pampu, aje na sanduku la zana. Kisha nikampa kanuni iliyomo katika kila kitabu cha somo letu: mlinzi akikudhania kuwa fulani, usibishe. Mvamizi hodari hajielezi, anaacha mlinzi amweleze. Chochote atakachokudhania, wewe kubali. Na ukikwama kabisa, omba kuonana na Mama Rhoda, yaani mimi.

Athman aliyashika hayo yote. Alichoongeza ni kitu kimoja tu, nacho hakukiongeza yeye, alikiongeza mama yake. Mama wa Kipini hawezi kumwacha mwanawe aende kwa mama wa watu mikono mitupu. Akampigia shati pasi, akampaka mafuta mazuri, akampa halua ya kuniletea mimi, imefungwa ndani ya kikapu kipya cha ukili.

Hapo sasa lazima niwaeleze habari ya Bakari, ingawa mnamjua, maana alivyo leo sivyo alivyokuwa. Bakari alikuwa mlinzi wangu mkuu wa zamu ya mchana, Mpokomo wa juu, wa upande wa Hola, mtu wa swala tano na moyo mkubwa. Alikaa na familia yake katika zile nyumba za wafanyakazi ndani ya ua. Binti yake Saumu alikuwa na duka la simu mjini na ulimi uliokwisha kuwarudisha makwao wachumba kadhaa. Bakari alikuwa amekata tamaa. Siku ya jaribio, mimi nisijue, alikuwa akimtarajia mshenga wa kutoka Witu, mzee mmoja aitwaye Shee, ambaye Bakari hakuwahi kumwona wala kuambiwa umri wake, aliyetumwa na mfanyabiashara wa makamo kumposa Saumu. Mshenga angefika baada ya swala ya adhuhuri. Bakari hakuomba ruhusa, kwa sababu alijua mshenga atapita palepale langoni, na yeye ndiye lango.

Nilikaa ofisini mbele ya kamera na kalamu yangu. Asubuhi haijaiva, Athman akashuka kwenye bodaboda. Shati limenyooka, mafuta yananukia mpaka Bakari akasogea, mkono mmoja sanduku la zana, mwingine kikapu cha halua. Kamera zetu hazina sauti, hivyo maneno niliyapata baadaye. Athman alisema nimekuya, kwa lafudhi yake ya pwani, na kabla hajafika kwenye habari za pampu, Bakari alikuwa amekwisha kumkumbatia, maana huko kwetu mshenga huja na halua. Alimwambia tulikutarajia baadaye, lakini kuwahi ni dalili ya heri. Athman akakumbuka kanuni. Akakubali.

Niliona lango likifunguliwa lote, mabawa mawili, jambo tunalolifanya kwa malori tu. Niliona Bakari akimbebea mvamizi sanduku la zana. Daftari la wageni halikuguswa. Bakari alimgeukia mlinzi wa pili, Kofa, yule kijana wa Golbanti mnayemjua, na kumpa amri moja: leo mwingine yeyote asipite, tuna mgeni. Kofa akapiga saluti. Nilishika kichwa changu kwa mikono miwili, na kalamu nayo ikanichora shavuni.

Mwenye binti hataki mshenga arudi kusema kule ni watu wanyonge. Kwa hiyo Bakari alimtembeza. Alimwonyesha pampu moja baada ya nyingine. Alimfungulia stoo ya dawa ya maji. Alimwonyesha hata jiwe ambalo chini yake tunaficha ufunguo wa akiba, akaliinua, akacheka, akalirudisha. Mimi nilikuwa nimewafundisha watu hawa kuhusu jiwe lile kwa wiki nzima. Athman, maskini, alipoona mambo yamezidi, aliomba kuonana na Mama Rhoda. Bakari akampigapiga bega, akamwambia asiwe na wasiwasi, Mama Rhoda ndiye atakayekuwa shahidi upande wetu.

Kisha wakaingia nyumbani kwa Bakari, na nikaona kuku akikimbia, na mke wa Bakari nyuma yake. Majirani wakaanza kuingia na sahani. Sharti lilisema nisiingilie. Mlango uliachwa wazi mbele ya kamera, nami nilikaa nikiandika, mvamizi ameketi, mvamizi ananawa mikono, mvamizi ameletewa kuku.

Yaliyosemwa ndani aliniambia Saumu mwenyewe. Alirudi kutoka dukani kwake akiwa na nia ya kumfukuza mshenga kwa ustaarabu. Aliketi mbele ya wazee, akamuuliza huyo anayemposea ni mtu wa namna gani. Athman hakumjua mposaji, hakujua hata kama yupo. Kanuni yangu ilimwambia akubali, haikumwambia abuni. Basi akamweleza mwanamume mmoja tu anayemjua vizuri. Alisema ni fundi, anakaa na mama yake, hana makuu, ana pengo hapa mbele, na anaogopa mamba ingawa kazi yake ni kwenye maji. Saumu akauliza mtu anayeogopa mamba atamlindaje mke. Athman akajibu kwamba atamwambia mapema, wakimbie pamoja.

Saumu alicheka. Mama yake alisema hajamsikia akicheka mbele ya mshenga tangu washenga waanze kuja. Saumu akasema huyo basi anaweza kuja aonekane. Bakari akakubali papo hapo mbele ya majirani, halua ikafunguliwa, ikaliwa, vigelegele vikapigwa mpaka mimi nikavisikia ofisini bila kamera. Niliandika: mvamizi anashangiliwa.

Wakati huohuo, swala ya adhuhuri ikiwa imepita, gari likasimama langoni. Ndani yake Mzee Shee, mshenga wa kweli, amevaa kanzu na koti, ameshika kikapu cha halua kinachofanana na kile cha kwanza kwa kila kitu. Akasema amekuja kwa Bakari kwa ajili ya posa. Kofa akamjibu kwa adabu kwamba mshenga yumo ndani na anakula.

Niseme ukweli, katika maisha yangu sijaona lango likilindwa kama Kofa alivyolilinda dakika zile. Yale yote niliyowafundisha aliyatimiza juu ya mzee huyu mmoja. Kitambulisho, alikikagua mbele na nyuma. Kioo cha kukagulia gari, alikipitisha chini mara mbili. Mzee alitembeza mikono hewani, akataja ukoo wake mpaka babu, na Kofa akamwomba aurudie polepole. Kisha macho ya Kofa yakaangukia kikapu. Mtu asiyejulikana, hadithi isiyolingana, mzigo uliofungwa. Hilo lilikuwa somo langu la nne, la mizigo ya kutiliwa shaka, na Kofa alilipenda sana. Alikichukua kikapu kwa fimbo ndefu, akakitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga, akamwamuru mzee alale chini, akapiga filimbi ya dharura.

Filimbi ikipigwa, kila aliyemo ndani ya ua anakwenda kwenye mlingoti wa bendera ulio karibu na lango. Walikuja wote. Mke wa Bakari na mwiko wake, majirani na sahani zao, Saumu, Athman, na Bakari mwenyewe ameshika paja la kuku kama amri inavyotaka, bila kurudi nyuma kuchukua wala kuacha kitu. Nami filimbi ilinifungua, nikatoka ofisini mbio, na ule mchoro wa kalamu shavuni.

Mzee Shee alikuwa wa kwanza kusema, akiwa bado amelala. Alijitambulisha kwa huzuni. Bakari akamtazama yeye, akamtazama Athman, akanitazama mimi. Ikabidi niseme. Nilisema hili lilikuwa jaribio la masomo yangu, kwamba Athman ni mvamizi wangu, na kwamba kitabu kilikataza nisimwambie mtu.

Bakari hakufoka. Afadhali angefoka. Aliliweka paja la kuku juu ya sahani ya jirani, akajifuta mikono, akasema, "Mama Rhoda, mimi nimempa mtu neno mbele ya watu hawa. Sasa nimempa nani?"

Niliona haya mpaka magotini. Mtu mzima huyu, mwenye nyumba yake, nilikuwa nimemfanya panya wa maabara siku ya posa ya mwanawe, na sasa amesimama chini ya bendera hajui kama ana mkwe au hana. Kuhusu tasnifu, nilijua imekwisha. Lakini pale sikuililia tasnifu.

Saumu ndiye aliyesogea. Alisimama mbele ya Athman, karibu, akamuuliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Yale uliyosema kuhusu yule mtu, ni ya mtihani?"

Athman alinitazama kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa ya kuacha kanuni. Nikamwitikia kwa kichwa.

"Mshenga ndiye wa mtihani," akasema. "Yule mtu ni wa kweli. Na mamba anawaogopa kweli."

Saumu akamgeukia baba yake, akamwambia kwamba hajampa neno mtu asiyekuwepo, mtu yupo, na pengo lake ni lile pale. Bakari akamuuliza Mzee Shee, kwa kuwa ndiye mjuzi wa mambo haya, sheria inasemaje. Mzee akaomba kwanza ainuliwe. Alipokwisha kujipangusa mchanga, akasema kwa uchungu kwamba halua iliyoliwa hairudi kikapuni, na kwamba yake yeye imo ndani ya ndoo. Hawezi kushindana. Akauliza kama kuku amebaki.

Alibaki. Walikaa wote wakala, na mimi nikalazimishwa kula, na Kofa akapelekewa sahani yake langoni, akaikagua.

Tasnifu niliiandika kama ilivyokuwa, nikiwataja walinzi kwa herufi tu. Siku ya kujitetea mbele ya watahini nilipanda ngazi ya mnara, nikajifunga leso kwa mara ya mwisho. Watahini walikuwa kwenye simu, nyuso zao ndogo ndogo. Dakta Wekesa akaniuliza mvamizi wangu alikaa ndani ya kituo kwa muda gani kabla ya kuondolewa.

"Dakta," nikasema, "bado yumo."

Maana wakati huo walikuwa wamekwisha kuoana. Pampu ya pili ilikuwa imesumbua, kituo kikatafuta fundi wa injini, Athman akaomba kama watu wengine, akapata, akahamia nyumba ya tatu kutoka kwa mkwewe. Simu ilitulia kabisa. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe Dakta Wekesa alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika. Walinipa shahada kwa sharti la marekebisho madogo. Walitaka niondoe ukurasa wa kuku. Niliupeleka kwenye kiambatisho.

Bakari naye alibadilika. Hakuniambia neno la lawama tena, lakini aliomba vitabu vyangu, akavisoma kila alipopumzika. Tangu siku hiyo hapiti mtu. Athman, mume wa binti yake, baba wa mjukuu wake, anakaguliwa kila asubuhi akienda kwenye pampu na kila jioni akirudi, sanduku la zana linafunguliwa, na mkwe anamwomba jina kamili. Athman anasema hajabishana hata mara moja. Anakubali chochote.

Wiki iliyopita, nikiwa mstaafu wa siku chache, niliwakumbuka. Nikapita sokoni, nikamnunulia Bakari halua katika kikapu cha ukili, nikaja langoni kwa furaha. Ninyi mlikuwepo, mlijificha mkicheka, niliwaona. Bakari alichungulia kwenye kidirisha cha lango. Nikamwambia ni mimi. Akasema anajua ni mimi, anaomba kitambulisho cha kazi. Nikamkumbusha kwamba nilikirudisha mwenyewe siku ya kuagwa. Akasema hilo ndilo tatizo. Nikamwambia angalau apokee halua.

Akafungua kidirisha, akapokea kikapu kwa fimbo ndefu, akafunga. Nilikaa kwenye lile benchi la nje, juani, nikisikia mchanga ukichotwa ndani ya ndoo. Sikuegemea lango.